Regulata yangu naifungua mwenyewe, shida ni spea

Ukitaka kuwagombanisha wazamiaji wawili waliokwisha kula wakashiba, waulize kama ni halali mtu kufungua regulata yake, kile kifaa kinachompa hewa ya mtungi chini ya maji, kwa mikono yake. Wa kwanza atakwambia hicho ni kifaa cha kushikilia uhai, kisiguswe na asiye na cheti cha kampuni. Wa pili atakwambia ni shaba, springi na mpira tu, hakuna uchawi. Mimi nimo upande wa pili, kwa masharti nitakayoyataja huko mbele. Ninachobishana nacho ni kitu kingine. Watu wanadhani kinachomzuia mzamiaji wa huku kwetu kujifanyia sevisi ni ufundi. Ufundi unafundishika. Kinachomkwamisha ni oringi ya senti mbili (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) na siti (kizibo cha njia ya hewa) ndogo kuliko kifungo cha shati, ambazo kuzipata hapa Unguja ni kazi kuliko kuzifunga.

Tuanze na mashine yenyewe. Mtungi uliojaa una hewa ya karibu bar 200. Pafu la binadamu haliwezi kupokea hata sehemu ndogo ya presha hiyo. Hatua ya kwanza, ile ya shaba inayokaa kwenye mtungi, huishusha mpaka bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, hukupa kiasi unachovuta, unapovuta tu. Mzizi wake ni wa wakati wa vita: Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa na vali ya kuendeshea magari kwa gesi kwa sababu petroli ilikuwa adimu Ufaransa. Mwaka 1943 yeye na Jacques Cousteau wakaigeuza kuwa ya kupumulia chini ya maji. Tangu hapo vyuma vimebadilika umbo, lakini wazo ni lile lile.

Ninayoifahamu kuliko zote ni Scubapro MK2. Utaikuta kwenye vituo vingi vya kuzamia kwa sababu haina mbwembwe. Ndani mna pistoni moja na springi moja. Springi inaisukuma pistoni ikae wazi. Hewa inapita, inapanda kupitia tundu la katikati ya pistoni mpaka upande wa pili wa kichwa chake, na presha ikifika kiwango chake inaishinda springi na kuisukuma pistoni ifunge. Ukivuta pumzi presha inashuka, springi inafungua tena. Maji ya bahari yanaingia kwenye chumba cha springi kupitia matundu ya pembeni, ndiyo maana kila unavyozidi kushuka regulata inaongeza hewa yenyewe bila kuambiwa. Na ndiyo maana chumvi inajenga humo humo.

Sasa swali la lini. Vitabu vya kampuni nyingi huandika mwaka mmoja au miwili, au mizamo 100, kinachotangulia. Kwa mtalii anayezama likizo moja kwa mwaka, hesabu hiyo haina neno. Kwa mtu anayefanya kazi Nungwi au Kendwa, akizama mara mbili kwa siku, mizamo 100 inakwisha kabla ya miezi miwili. Akifuata kitabu neno kwa neno atafungua regulata mara sita kwa mwaka, na kila ukiifungua unaipa nafasi ya kuchubuka. Kwa hiyo mimi siifungui kwa kalenda. Naipima mara kwa mara, na vipimo ndivyo vinavyoniambia.

Kipimo chenyewe ni geji ya presha ya kati, yaani presha iliyo baina ya hatua ya kwanza na ya pili. Ni geji ndogo yenye mdomo unaoingia kwenye hozi ya kujazia jaketi la kuelea. Bei yake haifiki hata robo ya sevisi moja. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu katika makala haya, nunua hicho. Funga regulata kwenye mtungi uliojaa, hatua ya pili ikiwa imefungwa mahali pake. Usifungulie kamwe mtungi kwenye hatua ya kwanza isiyofungwa hatua ya pili, maana presha ikipanda hakuna pa kuponea. Fungua mtungi polepole. Bonyeza kidogo kitufe cha kupuliza kilicho kwenye hatua ya pili, achia. Bonyeza tena, achia. Halafu tulia uangalie mshale.

Regulata nzima, mshale unaanguka ukibonyeza, ukiachia unaruka mpaka 9.5 kwa mfano, na unasimama hapo kama uliopigiliwa msumari. Regulata mgonjwa, mshale unafika 9.5, halafu unaanza kutambaa. 9.7. 10. Unasita, unadhani umesimama, unatambaa tena. Maana yake siti haifungi sawasawa juu ya ukingo wa tundu la hewa, na presha ya mtungi inavuja kuingia upande wa kati. Ikipanda vya kutosha, vali ya hatua ya pili inasukumwa wazi na utaisikia inaanza kuimba. Hapa ndipo mafundi wa haraka haraka wanapoharibu: wanakaza hatua ya pili mpaka kelele inyamaze, kisha wanamrudishia mtu regulata yake. Kelele imenyamaza, ugonjwa uko pale pale, na sasa kuvuta pumzi kumekuwa kuzito.

Jambo moja kuhusu MK2 na ndugu zake wasiosawazishwa: ukipima kwa mtungi uliojaa utapata namba moja, ukipima kwa mtungi uliobaki bar 50 utapata namba ya chini zaidi. Huo si ubovu, ndivyo ilivyoumbwa, kwa kuwa presha ya mtungi yenyewe inasaidia kuisukuma pistoni ifunguke. Pima kwa mtungi wa namna zote mbili, andika namba, na mara nyingine ulinganishe na namba zako mwenyewe.

Kabla ya kushika spana, angalia chujio. Ni kipande kidogo cha shaba iliyogandamizwa kinachoonekana pale hewa inapoingilia, na kinasema mengi bila kufunguliwa kitu. Kikiwa cha kijani, maji ya bahari yameingia. Aghalabu mtu amesuuza bila kufunga kifuniko, au amebonyeza kitufe cha kupuliza regulata ikiwa ndani ya pipa la maji. Kikiwa na wekundu wa kutu, mtungi wa chuma unaoza ndani. Kikiwa cheusi, lipo tatizo kwenye kompresa, na hapo acha habari ya regulata, kaulize unajazwa hewa gani. Mitungi mingi ya huku ni ya alumini, kwa hiyo unga mweupe mweupe si jambo geni.

Kufungua kwenyewe hakuna maneno mengi. Usiibane shaba moja kwa moja kwenye jiriwa. Tafuta fimbo yenye nyuzi zinazoingia kwenye tundu la hozi, ibane hiyo, kisha zungusha kifuniko. Oringi zitolewe kwa kijiti cha plastiki au cha shaba laini, sindano ya chuma isikaribie. Mfereji anamokaa oringi ya kichwa cha pistoni ukiukwaruza mara moja, hutalipata tena kaburi la huo uvujaji. Vipande vya shaba, na hivyo tu, viloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa dakika kumi hivi, ukivitazama. Utaona povu dogo dogo pale penye ukoko wa kijani. Kromu ikiwa imebanduka mahali usiviache vikalala humo, asidi itapenya chini yake na kuendelea kuibandua. Piga mswaki laini, suuza. Na kusuuza usitumie maji ya kisima cha pwani. Mengi yana chumvi chumvi, utakuwa umeosha chumvi kwa chumvi. Maji ya mvua au ya kunywa.

Kisha chukua kioo cha kukuzia na uutazame ukingo wa tundu ambao siti inaukalia. Ni duara jembamba kama ncha ya kisu, na kwenye MK2 limechongwa kwenye mwili wenyewe, kwa hiyo likiharibika umepoteza mwili mzima. Jicho likishindwa, pitisha kijiti chenye pamba kuuzunguka taratibu. Pamba ikinasa unyuzi mmoja, pana mchubuko. Siti ya zamani nayo itakuonyesha alama ya duara iliyozama. Ikiwa alama ni moja na iko katikati, imechoka kwa haki. Ikiwa ni mbili zilizopishana, pistoni ilikuwa haikai wima.

Sasa tufike kwenye spea, maana ndiko nguvu zinakoishia.

Zigawe mafungu mawili kichwani mwako. Fungu la kwanza ni oringi. Hizi ni za kiwandani, si mali ya kampuni yoyote ya kuzamia. Regulata nyingi hutumia vipimo vya Kimarekani vya AS568: tundu la hozi ya presha ya kati lenye nyuzi za 3/8 linachukua namba 011, la geji ya presha kubwa linachukua 012, na pale hozi inapoingia hatua ya pili ni 010. Zote zina unene wa milimita 1.78. Ukiingia Kariakoo kwenye maduka ya spea za mashine, masanduku mengi ya oringi utakayofunguliwa ni ya vipimo vya Kijapani, kwa sababu magari na mitambo iliyojaa nchini ni ya Kijapani. Oringi ndogo za mfululizo wa P zina unene wa 1.9. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita si kitu kwenye pampu ya maji. Kwenye mfereji wa regulata ni kitu. 012 ina kipenyo cha ndani cha 9.25, P9 ni 8.8, na P10 ni 9.8. Hakuna inayokaa.

Mzee mmoja anayeuza oringi pale nilimtajia namba akanyoosha mkono.

“Niletee sampuli, kijana. Mimi namba siuzi, nauza oringi.”

“Mzee wangu, sampuli imeshalaliwa na presha, imekuwa bapa. Ukiipima itakudanganya.”

Akaigeuza kwenye kiganja, akacheka, akanitolea vernia yake mwenyewe ya kupimia unene na vipenyo, tukapima mfereji badala ya mpira. Hilo ndilo la kufanya. Oringi iliyotumika imebadilika umbo. Ukiitumia kama kielelezo utanunua ya unene usio wake. Nenda na namba, na kama namba huna, nenda na kipande cha shaba. Uliza pia ugumu: 70 ndio wa kawaida, 90 ni wa sehemu zinazobeba presha kubwa. Muuzaji asiyejua ugumu wa anachouza mwache, hata kama anauza kwa bei ya karanga.

Fungu la pili ni vile ambavyo huwezi kuvitafutia mbadala kwenye duka la spea za mashine: siti za hatua zote mbili, dayaframu (utando wa mpira unaosukumwa na presha), chujio, vali ya kutolea pumzi. Hivi vina umbo la kampuni yake, na kampuni nyingi kubwa, Scubapro ikiwemo, huviuza kupitia wauzaji na mafundi walioidhinishwa tu. Ukiwa mtu binafsi unaomba siti utaambiwa ulete regulata. Sababu wanayotoa ni usalama, na si uongo: wako watu wangeifunga siti kichwa chini. Lakini usalama huo huo hauna jibu kwa mtu aliyeko Mafia au Pemba, ambaye fundi aliyeidhinishwa yuko ng’ambo ya bahari, na akituma regulata msimu wote unakwisha hajaiona. Huyo hataacha kuzama. Ataizamia ikiwa mbovu. Sera iliyokusudiwa kumlinda ndiyo inayomweka kwenye hatari, na hili sijaona kampuni ikilijibu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue regulata gani, simjibu kwa raha ya kuvuta pumzi. Zote za siku hizi zinavutika vizuri kwenye kina tunachozama. Namuuliza spea zake utazipata wapi. Apeks, wale wa Blackburn huko Uingereza, seti zao za sevisi unazikuta kwenye maduka ya Uingereza yanayouza kwa mtandao, na umbo la dayaframu yao limeigwa na wengi. Tahadhari, kufanana kwa umbo hakumaanishi seti zinaingiliana. Za zamani kama Conshelf ya US Divers bado zina watu wanaotengeneza spea zake ingawa si kampuni yenyewe. Na MK2, kwa kuwa imekuwepo miaka mingi na iko kila mahali, siti zake za watengenezaji wa pembeni hazikosekani. Kinyume chake, zipo regulata nzuri za kupendeza dirishani ambazo modeli yake ilidumu misimu michache, na leo hata muuzaji wake hana seti. Ukiletewa kama zawadi na mgeni anayerudi kwao, shukuru, lakini usiitegemee.

Kuagiza kuna ustadi wake. Tafuta mchoro wa vipande wa modeli yako hasa, kwa sababu jina moja linaweza kubeba vizazi kadhaa: MK2 Plus na MK2 EVO ni ndugu, si pacha. Andika namba ya kipande, usiandike “siti ya MK2”. Kisha mtafute mtu. Posta inafika, lakini bahasha ndogo hupenda kulala njiani, na mzigo wa kampuni za usafirishaji unaweza kukugharimu mara nyingi ya bei ya kilichomo. Seti nzima haizidi uzito wa simu, inaingia kwenye mkoba wa mtu yeyote. Wazanzibari tuna bahati moja, hatukosi mtu Muscat, Dubai au London. Shangazi yangu aliyeko Muscat hajui regulata ni nini mpaka leo, ila kila akija anakuja na bahasha yenye jina langu.

Siti ya mtengenezaji wa pembeni nifunge? Nafunga kwenye yangu, nikiikagua kwanza chini ya kioo: uso laini, hauna mkunjo wala ukingo wa kiwandani. Siti mpya yoyote, hata ile orijino, inaweza kutambaa kidogo mwanzoni mpaka ikae. Bonyeza kitufe cha kupuliza mara hamsini hivi, iache na presha kwa muda, kisha pima upya. Ikiendelea kutambaa kesho yake, itoe.

Grisi ni ya silikoni kwa hewa ya kawaida, au Christo-Lube na zinazofanana nayo kama unatumia hewa iliyoongezwa oksijeni. Utando tu, oringi ing’ae. Ukiona mabonge umezidisha. Vaseline ikae bafuni. Ni mafuta ya petroli, na penye oksijeni nyingi na presha kubwa mafuta hayo huwaka.

Hatua ya pili ni rahisi zaidi, sitaikalia sana. Kuna majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza: mtungi ukiwa umefungwa na hozi haina hewa, vuta pumzi kwa nguvu na ushikilie. Mdomo ukibaki umenyonywa, ni nzima. Hewa ikiingia, kuna tundu kwenye kipande cha mdomoni, dayaframu imehama, au chembe ya mchanga imekaa chini ya vali ya kutolea pumzi. Huku kwetu mara nyingi ni mchanga. La pili: fungulia mtungi, chukua beseni la maji, izamishe hatua ya pili taratibu ikiwa mdomo juu na kitufe chini. Pale inapoanza kutoa hewa, pima ni sentimita ngapi za maji ziko juu ya dayaframu. Kati ya 2.5 na 4 ni sawa. Ikianza mapema mno itakuwa inamwaga hewa kila ukigeuza kichwa kwenye mkondo. Ikichelewa utaivuta kama mrija uliokunjika.

Beseni halikupi kila kitu, tusijidanganye. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinaipima regulata kwenye presha ya kina cha mita 50, ikivuta lita 62.5 kwa dakika, na kazi ya kupumua isizidi jouli 3 kwa lita. Hilo linahitaji mashine ambayo mimi wala wewe hatuna. Ndiyo maana masharti yangu ni haya: nafungua regulata yangu, sifungui ya mgeni wala ya kituo, hata nikiombwa kwa upole. Za kituo zina fundi mwenye cheti, na karatasi za kuonyesha. Na baada ya kuifungua yangu, mzamo wa kwanza ni mita tano, kwenye mchanga, pamoja na mwenzangu mwenye regulata ya akiba inayofanya kazi.

Hozi nazo zisisahaulike, kwa kuwa joto la huku linazila kwa namna yake. Baadhi ya hozi laini za kusukwa, zile zinazopendwa kwa kuwa nyepesi, bomba lake la ndani huvunjika kikemia kwenye joto na unyevu na kuacha chembe ngumu za manjano zinazoweza kuziba njia ya hewa. DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, waliwahi kulitolea onyo. Kwa nje hozi inaonekana mpya. Ifungue upande wa hatua ya pili, mulika tochi ndani, na ipige kwenye karatasi nyeupe uone kama kuna kinachodondoka.

Bahasha ya spea ikifika, andika juu yake tarehe na namba ya kila kipande, ifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, uiweke kabatini mbali na jua na mbali na mota ya umeme, hasa ile ya friji, kwa sababu ozoni inayotoka kwenye mota hupasua mpira ukiwa umelala tu. Na ukiagiza moja, agiza mbili.